Nyumba ya Kwetu Iliyoko Dar es Salaam

Nyangamara,
Alasiri, kesho ni safari

Mwanangu Mwanaidi,

Mwalimu wetu wa ngumbaru, lile darasa la watu wazima, alitufundisha kwamba barua huanza kwa kuuliza hali, kisha mwandishi aeleze hali yake, ndipo aingie kwenye maneno. Sasa wewe hali yako nikuulize ya nini? Mchana ulisema huna njaa, ukala mihogo ya nazi sahani mbili, ukatoka kwenda kuwaaga watu wa upande wa baba yako. Hapa nilipokaa nakusikia unavyocheka kwa shangazi yako. U mzima. Mimi nami ni mzima, ila nina hasira, na hiyo hasira utaijua kadiri unavyosoma.

Barua hii nitaitia kwenye mkoba wako, chini ya khanga. Usiifungue mpaka uvuke Rufiji. Lakini nakujua, utaifungua hata Lindi hujafika. Haya, fungua, ila usianze kulia mbele za watu, kondakta akadhani umeibiwa.

Mambo ya mzigo, ya chakula cha njiani, ya nani atakupokea, hayo wamekwisha kukueleza wengi, na kesho wataongeza wengine ukiwa umekaa dirishani. Mimi nina jambo jingine. Nataka kukueleza habari ya siku nilipokwenda kuutazama huo mji mkuu. Uliniuliza tangu ukiwa mdogo, na kila ulipouliza nilikutuma maji.

Unakumbuka mwaka kijiji chetu kilipoongoza kwa korosho. Zawadi yake ikawa watu wachache wapelekwe Dar es Salaam kutembezwa. Mimi walinichagua kwa sababu nilikuwa nimekwisha kujua kusoma, na pia, kama alivyosema mwenyekiti, kwa sababu nina mdomo. Tulipanda lori la ushirika, tukakaa juu ya magunia matupu, tukaimba mpaka tukakaukiwa. Njiani tukapakia wenzetu wa pwani, wa Kiswere na wa Kilwa. Mmoja wao alikuwa mzee fundi cherehani kutoka Kivinje, jina lake Mzee Bakari. Alikaa karibu yangu, akawa ananikinga vumbi kwa kanzu yake, na kila baada ya muda kidogo ananiuliza kama nimewahi kuuona mji huo. Nikamwambia sijawahi. Akasema hata yeye, lakini ameshona suruali nyingi za watu wanaokwenda huko.

Mjini tulipokewa na kijana mmoja mwenye shati jeupe ambaye kazi yake ilikuwa kutembeza wageni. Alikuwa na adabu, sitamsingizia. Alitupeleka bandarini tukaona meli, nami nikasimama pale mdomo wazi mpaka wenzangu wakanivuta. Akatupeleka mnara wa saa. Akatupeleka kwenye sanamu ya yule askari aliyeshika bunduki katikati ya njia panda, magari yanamzunguka. Mzee Bakari akauliza ni askari wa vita gani. Kijana akaeleza kwamba ni vita ile ya Mjerumani na Mwingereza. Mzee Bakari akasema, "Babu yangu walimchukua vita hiyo. Hawakumpa bunduki, walimtwisha mizigo, akafia huko. Mbona hapa sioni mwenye mzigo?" Kijana akasema labda iko siku atachongwa na yeye. Mzee Bakari akasema inshallah, tukapanda lori.

Kisha wakatuingiza kwenye jumba la makumbusho. Humo ndani kuna makabati ya kioo, na ndani ya kioo kimoja kulikuwa na vigae vya bakuli na vyungu vilivyochimbwa Kilwa. Mzee Bakari aliinama akavitazama mpaka pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Somoe, vitu hivi watoto wetu wanachezea mapishi. Hivi walikuja lini kuviokota?" Nilicheka, lakini yeye hakucheka. Alitoka pale ameshika mikono nyuma. Alipofika nje akasema, "Vimepata mahali pazuri," na mpaka leo sijui kama alikuwa amefurahi au ameudhika.

Hayo yote ningeweza kukusimulia zamani. Lilinikaa rohoni lile lililofuata.

Nje kidogo ya mji wamejenga uwanja wa nyumba za asili, huko huko unakokwenda wewe. Kila kabila la nchi hii limejengewa nyumba yake kama walivyokuwa wakikaa, na wageni wanapita moja baada ya nyingine. Nilipita nyumba za watu wa bara, nikachungulia moja ina giza na harufu ya ng'ombe, nikaondoka nikicheka. Nikaona nyumba za duara, nyumba za tembe, nyumba ambazo sikujua kama mtu anaweza kulala ndani yake. Nilikuwa na raha sana. Kisha tukakata kona, mbele yangu ikasimama nyumba ya mama yangu.

Si ya mama yangu kweli, naelewa. Lakini nguzo zilikuwa zile, baraza lile lile la udongo uliosiribwa kwa mkono, nyasi za paa zimeshuka mbele hata mtu mzima lazima ainame, na pembeni ghala limesimama juu ya miti kama letu la kule bondeni. Miguu yangu ikaenda yenyewe. Nikafika kwenye ukingo wa baraza, nikasimama, nikaita: "Hodi!"

Kimya. Nikaita tena, "Hodi wenyewe!" Kimya. Nikaita mara ya tatu kama tunavyofundishwa, kisha nikageuka ili niondoke.

Yule kijana akaniambia, "Ingia tu, mama, humu hamna mtu."

Nikamwambia, "Sasa kama hamna mtu, naingia kwa nani?"

Watu wakaangua kicheko. Wenzangu wa lori, watu wa Lindi kabisa, nao wakacheka, wakanipita wakainama wakaingia. Wakawa wanaitana humo ndani, njoo uone hiki, njoo uone kile. Mimi nikabaki nje juani. Sikuweza kuingia, mwanangu. Tangu nimezaliwa sijawahi kuvuka mlango wa mtu bila kuitikiwa, na mlango ule, kuliko yote, nisingeweza kuuvuka kwa namna hiyo. Nikasimama karibu na nguzo, khanga nimejifunga kifuani, nikijitahidi kuonekana kama mtu anayesubiri wenzake.

Wakaja wageni wengine, Wazungu wawili, mwanamume na mkewe. Wakaitazama nyumba, wakanitazama mimi. Yule mwanamke akatabasamu, akatoa kamera. Akanipiga picha pale kwenye nguzo, kisha mumewe naye akaja upande mwingine, akanipiga. Walidhani mimi ni wa pale. Walidhani nimewekwa na nyumba, pamoja na kinu na mchi. Na mimi, Somoe mwenye mdomo, sikusema neno hata moja. Picha yangu sijui iko nchi gani leo.

Nilirudi nyumbani na aibu hiyo tumboni. Watu walipokuja kuniuliza habari za mji, niliwaambia mji ni kelele na kuta, hakuna kitu kule. Wewe ulikuja ukakaa miguuni kwangu ukauliza, "Mama, umeona nini?" nikakuambia nenda kachote maji. Siku ya pili ukauliza, nikakutuma tena. Bandari na saa na meli, vyote vilikuwa haki yako, mimi nikavifungia pamoja na aibu yangu, ikabidi uende kuomba habari kwa watoto wa watu wengine ambao wazazi wao walipanda lori lile lile. Nilikuwa mchoyo wa kitu ambacho hakipungui ukikigawa. Usinirithi hapo. Ukiona kitu kizuri huko, hata kama siku hiyo umedharauliwa, tuandikie hicho kizuri kwanza.

Najua utauliza, kwa nini nyumba ya maonyesho ilinishika namna ile? Ni kwa sababu ya kule bondeni. Ulikuwa unabebwa mgongoni tulipohamia hapa kijijini, kwa hiyo hukumbuki. Tuliambiwa tusogee barabarani, tukae kwa safu, tupate shule na zahanati na bomba. Bomba limepatikana, shule umeisoma, sina ugomvi. Lakini siku ya kuhama mimi nilifanya ujinga. Nilikataa kubeba. Nilichukua godoro, sufuria na wewe, basi. Nilijiambia kwamba haya ni mambo ya msimu mmoja, tutarudi, kwa hiyo vitu vya mama vikae pale pale vitusubiri. Mjomba wako Saidi hakubishana na mtu. Aling'oa mlango wa nyumba ya mama yetu pamoja na fremu yake, akaubeba kichwani kutoka bondeni mpaka hapa, akaweka chini, akarudi kuchukua kinu. Mimi nikamcheka. Nikamwuliza, "Kaka, mlango bila nyumba utaufungua kwenda wapi?"

Masika yale yale paa lilianguka. Nyumba isiyowashwa moto hailindwi na moshi, wadudu wanakula nyasi, mvua inafuata. Nilipokwenda kuangalia nilikuta kichuguu barazani. Mlango aliouokoa Mjomba ndio ule wa nyumbani kwake sasa, ule ambao wewe hupenda kukaa kwenye kizingiti chake. Kwa hiyo ukisikia namlaumu kaka yangu kwenye barua hii, ujue kwamba namlaumu mtu ambaye siku ile alikuwa na akili kuliko mimi.

Sasa tufike kwenye haya ya juzi na jana.

Yule Bwana Utamaduni wa wilaya alipokuja kutafuta msichana aliyemaliza shule, anayejua kusiriba na kusuka ukili na kupika chakula chetu, na asiyeogopa kuzungumza na wageni, wewe ulikwenda ukaandikisha jina hata hujaniambia. Nilisikia kwa muuza chumvi! Nilipanga kukuchapa, mtoto mkubwa vile. Kisha Bwana Utamaduni akaeleza mbele ya watu kwamba wameona zile nyumba zinakufa kwa kukosa wenyewe, wanataka kila nyumba ikae na mtu wa kwao, awashe moto, afagie, apokee wageni, aeleze. Aliposema "apokee wageni" nikakutazama. Ulikuwa umekaa mbele, mgongo umenyooka. Hapo hapo hasira ikaniisha, na nikaamua kwamba utakwenda. Tangu dakika ile sijayumba.

Mjomba wako ndiye amekataa. Wewe unajua kidogo tu, kwa sababu jana tulikuondoa tulipokaa kikao. Nakuandikia yaliyosemwa, ili usiyapate kwa watu yakiwa yameongezwa chumvi.

Alisema, "Somoe, mimi sikatai mtoto kufanya kazi. Angekwenda kuwa mwalimu, ningempeleka mwenyewe mpaka mlangoni. Lakini hii ni kazi gani? Anakwenda kukaa ndani ya nyumba ili atazamwe."

Nikamwambia, "Anakwenda kuonyesha."

Akasema, "Ni yale yale. Nyumba ya mama yetu imeozea porini, hakuna aliyekuja kuipiga picha. Leo mjukuu wake akafagie nyumba ya kuigiza, watu walipe kiingilio? Mgeni akitaka kuona chumbani, atamzuia? Akimwuliza habari za unyago, atamjibu nini? Huyo ni mtoto wangu, Somoe. Kwetu sisi huyo ni wangu kabla hajawa wako."

Hapo alisema kweli. Kwetu mjomba ndiye mwenye mtoto, na wewe umekula zaidi kwake kuliko kwangu mwaka ule nilipougua. Nikaona siwezi kumshinda kwa kelele. Basi nikamsimulia ile habari ambayo sikuwahi kumsimulia mtu, ya hodi na ya Wazungu wenye kamera. Nilidhani ataelewa. Yeye akajipiga kiganja gotini. "Si unaona? Wewe mwenyewe, mtu mzima, walikugeuza kinyago kwa muda mfupi tu. Mtoto atakayekaa miaka itakuwaje?"

Nikamwambia, "Kaka, waliniona kinyago kwa sababu nilisimama pale bila kusema neno. Ile nyumba haikuwa na mtu wa kuitika. Nilisimama mlangoni kwetu, na hakukuwa na mtu wa kwetu hata mmoja ndani. Wewe umeubeba mlango wa mama kichwani mchana kutwa, unajua mwenyewe mlango una uzito gani. Nataka ule wa Dar es Salaam nao upate mtu."

Nikafikiri amelegea. Kisha akasema kwa sauti ya chini kabisa, ambayo naiogopa kuliko makelele yake, "Mpeleke. Lakini unga sitaushika."

Maneno hayo yalinikata maini. Wewe unajua maana yake. Kwetu mtoto hasafiri mbali bila unga wa mjomba: unga wa mtama katika bakuli, mjomba analowesha kidole, anakichovya humo, anakugusa paji la uso, anasema maneno yake, na unaobaki anaunyunyiza mlangoni unapotoka. Sheikh wetu haupendi sana mtindo huu, lakini hata yeye mpwa wake alipokwenda Songea nilimwona kasimama pembeni, hatazami, hakatazi. Mtoto aliyeondoka bila unga watu wanamwita aliyetoroka. Akiugua huko, wanasema ndiyo sababu. Akirudi kuolewa, wanauliza nani atamsimamia. Mjomba wako alikuwa akiniambia kwamba ukiondoka kesho utaondoka kama mtu asiye na kwao.

Nililala na jambo hilo, nikaamka nalo. Sikukuonyesha. Ulipokuwa ukipanga nguo ukaniuliza, "Mama, mjomba atakuja asubuhi?" nikakujibu, "Wewe panga nguo."

Sasa sikiliza kilichotokea leo mchana ulipotoka. Kaja wifi yangu, mke wa mjomba wako, amejitanda khanga mbili kana kwamba kuna baridi. Akakaa, akauliza habari za mkeka niliokuwa nasuka, akausifu, nami nikajua ana jambo. Kisha akafunua khanga akatoa kibakuli cha unga kimefunikwa kawa. Akasema, "Wifi, kaka yako kautia mkono na kausemea maneno. Anasema mpake mtoto usiku humu ndani, na usimwambie mtu kwamba umetoka kwake."

Nilikitazama kile kibakuli, mwanangu, na machozi yalinitoka, nisikufiche. Kwa hiyo anakupenda. Ameshindwa kukuacha uende mikono mitupu. Mwingine angeshukuru, angekipokea, angekupaka kimya kimya ndani ya chumba, mambo yakaisha, na mimi na kaka yangu tungeendelea kusalimiana kama kawaida. Nilinyoosha hata mkono.

Kisha nikakumbuka ile nguzo niliyoisimamia pale mjini, nikijifanya nasubiri wenzangu. Nimechoka na mambo ya kujifanya. Wewe unakwenda kufanya kazi ya mchana kweupe, kazi ya kusimama mlangoni na kusema hapa ni kwetu. Utawezaje kuisema ikiwa kwenu kwenyewe umeagwa kwa kificho?

Nikamfunika khanga yake vizuri, nikamwambia, "Wifi, mrudishie. Mwambie Somoe anashukuru sana, na anasema miguu ya kaka haina ugonjwa. Basi linasimama pale dukani alfajiri. Aje nao mwenyewe."

Wifi akasema, "Somoe, utamkosa ndugu yako kwa bakuli la unga?"

Nikamwambia, "Nitamkosa kwa kunyamaza. Kwa bakuli la unga nampa nafasi."

Ameondoka analia, masikini, maana yeye hana kosa. Ndiyo hasira niliyokuambia mwanzoni, na sasa imechanganyika na hofu, maana kaka yangu simjui vizuri kama nilivyodhani. Lakini sijutii. Nikiulizwa tena sasa hivi nitajibu vile vile.

Acha nikuambie machache ya huko, nikusimamie kwa maneno maana kwa miguu siwezi.

Kabla hujaanza kuonyesha, nenda kaonyeshwe. Siku ya kwanza ya mapumziko usikae chumbani kufua. Utazame mji kama mgeni, bandari, saa, sanamu, makumbusho, kila kitu. Simama mbele ya vile vigae vya Kilwa kwa niaba ya Mzee Bakari, ambaye alifariki mwaka jana. Uliza maswali ya kijinga, wacheke, uulize tena. Mtu ambaye hajawahi kuwa mgeni hawezi kumpokea mgeni vizuri. Na hizo nyumba nyingine za pale, za Wagogo sijui za Wahaya, zizoee. Kaa na wenyewe jikoni, mjifunze mboga zao. Mimi nilicheka nyumba ya watu kwa sababu ya harufu ya ng'ombe, na sikujua kwamba yangu iko kona inayofuata nayo itachekwa.

Mgeni akiingia, mkaribishe kweli. Akiinama vibaya akagonga kichwa, usicheke mbele yake. Mweleze moto ni wa nini, ghala ni la nini, kwa nini baraza limegeukia njia. Mwambie pia kwamba sisi siku hizi tunakaa kwa safu kando ya barabara, tuna bomba na redio, asije akarudi kwao akidhani bado tuko vile. Akitaka kukupiga picha, akuombe. Ukitaka kukataa, kataa. Ukikubali, jina lako aliandike, asiende na uso bila jina kama wale wangu.

Chumbani usimwingize mtu. Bwana Utamaduni akisema wageni wamelipa, mwambie wamelipia nyumba, chumba cha mama hakilipiwi popote. Na mambo uliyofundishwa ulipokuwa mwali, hayo hayana mlango pale. Wakiuliza, tabasamu useme hilo halionyeshwi. Wakiuliza tena, sema bila kutabasamu. Mjomba wako alihofia hapo, na nataka uthibitishe kwamba hofu yake ulikuwa umekwisha kuijibu kabla hajaisema.

Iko siku utachoka. Watakuja watoto wa shule wa mjini watacheka kinu, atakuja msomi wa kwetu kabisa atapita na viatu juu ya mkeka akijidai hajui. Siku hiyo nami nitakuwa huku napalilia mikorosho. Usiniandikie kwamba unataka kurudi kabla hujamaliza kusiriba baraza lote upya kwa mkono wako. Ukishamaliza, kama bado unataka kurudi, njoo, nitakupokea na sitakuuliza. Lakini nadhani hutakuja.

Nasikia sauti yako imehamia kwa jirani, kwa hiyo unakaribia. Niandike la mwisho haraka.

Unga wangu nimekwisha kuutwanga asubuhi, nimeupepeta, uko hapa chini ya kawa. Kesho kaka akija pale dukani, nitarudi nyuma nimwachie nafasi, utampigia shikamoo na utamwinamishia kichwa, na mimi jioni nitakwenda kwake kumwomba radhi kwa ukali wangu. Asipokuja, utaniinamishia mimi. Haijapata kusikika mwanamke wa kwetu kuushika unga wa safari, na najua watakavyosema pale dukani. Waseme. Dereva naye apige honi mpaka ichoke, hutakanyaga ngazi ya basi lile kabla paji lako halijaguswa mbele ya macho ya watu wote.

Hapo unaposoma, unga umekwisha kukauka usoni mwako, na wewe unajua ulikuwa mkono wa nani. Mimi ninayeandika bado sijui. Ninachojua ni kwamba umeondoka nao.

Mama yako,
Somoe binti Chande